Ndoa Isiyo na Picha

"Dada, ndoa yenu ni ya kweli, wala sibishi," alisema Nathaniel. "Tatizo ni kwamba haionekani."

Prudencia alimtazama asijue acheke au amrushie kitu. Ofisi ya Nathaniel ilikuwa ghorofani, pale Igogo, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kila alipotaka kusema jambo la maana fundi wa chini aliwasha injini. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kujaza maombi ya kwenda nje. Mezani mbele yake ilikuwepo barua kutoka Kanada, ambako Luhende, mume wa Prudencia, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Wenyewe kule hawakulikataa ombi la Prudencia la kumfuata mumewe. Walisema tu kwamba hawajaridhika kuwa hawa wawili ni mke na mume kwelikweli, na si watu waliokubaliana kutafutiana karatasi. Walimpa mwezi mmoja aongeze ushahidi. Baada ya hapo wangempigia simu wamhoji.

"Hebu angalia mwenyewe." Nathaniel alizipanga picha mezani moja moja. "Hii ndiyo ya kanisani?"

"Ndiyo."

"Mbona bibi arusi amenyoa kipara?"

"Si nilikueleza? Baba mkwe alikuwa amefariki."

"Mimi umenieleza. Wao watajuaje?"

Prudencia alieleza upya, huku akijisikia kama mtu anayesomewa mashtaka. Arusi ilipangwa Jumamosi. Kadi zilishagawiwa, ukumbi ulishalipiwa, shangazi zake walishafika kutoka Bukoba na ndizi zao. Siku chache kabla ya hapo baba yake Luhende akaanguka bafuni, asiamke tena. Badala ya arusi yakafuata matanga, na wanawake wa nyumba ile wakanyolewa nywele kama ilivyo desturi yao, Prudencia akiwa mmoja wao. Tiketi ya Luhende ilishanunuliwa, haikuwa na namna ya kusogezwa. Basi padri akawafungisha ndoa kwenye misa ya asubuhi, bila shela wala kigelegele, wafiwa wakiwa wamekaa mabenchi ya mbele. Sherehe iliahirishwa mpaka Luhende atakaporudi likizo. Aliporudi, fedha ya sherehe ilikwenda kwenye goti la mama yake.

"Hakuna hata mmoja anayecheka," Nathaniel alisema akiitazama picha. "Hata padri."

"Ungecheka wewe?"

Nathaniel aliiweka picha kando. Aliifungua simu ya Prudencia, maana alikuwa amemtaka alete meseji zote walizoandikiana na mumewe, akaanza kusoma kwa sauti. Kwenye benchi la nyuma walikaa wateja wawili wakisubiri zamu yao. Prudencia alikohoa ili amkumbushe kwamba wapo watu. Hakukumbuka.

"'Umeme umeisha.' 'Nimetuma.' 'Mama amekunywa dawa?' 'Amekunywa, na amenisema.' 'Amekusema nini?' 'Eti napiga kelele na masufuria.' 'Jonathan akikuomba hela usimpe.' 'Nilishampa.' 'Prude, wewe una kichwa kigumu.'" Alishusha simu. "Dada, mahaba yako wapi hapa?"

Nyuma kwenye benchi mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Na simu hizi za Jumapili, saa nzima, saa moja na nusu. Huko ndiko mnakoambiana maneno matamu?"

"Hatuongei."

"Hamuongei?"

"Naiweka simu dirishani, naosha vyombo. Na yeye kule anapika chakula chake cha wiki. Tukikumbuka jambo tunaulizana. Basi."

Nathaniel alitikisa kichwa kama daktari aliyeona jipu baya. "Hilo usije ukalisema kwenye mahojiano."

Alimpa mambo mawili ya kufanya. La kwanza, mama mkwe aende kwa wakili aape kwamba anamtambua Prudencia kuwa mke wa mwanawe. La pili, zipatikane picha za maana: gauni, maua, tabasamu.

"Bwana arusi yuko Kanada," Prudencia alimkumbusha.

"Ana ndugu anayefanana naye?"

Prudencia alimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo, dada yangu. Hatudanganyi. Tunausaidia ukweli uonekane."

Chini fundi aliwasha injini. Prudencia alikusanya picha zake, akashuka ngazi bila kuaga.

*

Nyumba yao ilikuwa Pasiansi, juu kwenye mawe, mahali ambapo gari halifiki na mtu aliyenunua kabati huliingiza vipande vipande. Alimkuta mama mkwe wake, Mama Getruda, mlangoni, amenyoosha mguu mbovu kwenye mkeka, anachambua choroko. Prudencia alimwamkia, akavua viatu, akakaa naye wachambue pamoja. Alijua ombi la namna hii halisemwi mtu akiwa amesimama.

"Mama, wale watu wa Kanada wanataka uende kwa wakili. Useme unanitambua."

"Nani amesema sikutambui?"

"Hakuna aliyesema. Wanataka iandikwe."

"Niape?" Getruda alitupa jiwe nje ya ungo. "Mimi Getruda niape mbele ya kijana nisiyemjua kwamba mke wa mwanangu ni mke wa mwanangu? Kwani nimeiba?"

"Ni utaratibu wao tu, mama."

"Mwambie Luhende awaambie. Yeye si yuko huko huko?"

"Ameshawaambia. Hawamwamini."

"Kama mwanangu hawamwamini, mimi watanijulia wapi, Puludensia?" Jina hilo lilikuwa halijawahi kumtoka sawasawa tangu siku ya posa. "Halafu goti hili unaliona. Nishuke mawe yote hayo niende mjini kwa ajili ya balua?"

Prudencia alisema atatafuta vijana wawili wamshushe kwa kiti, na chini watakodi bajaji. Getruda akasema bajaji zinamtikisa. Basi wakili aje nyumbani. Getruda akasema hataki wakili nyumbani kwake, majirani watasema watoto wanagombea urithi na marehemu bado hajaoza. Kila mlango Prudencia alioufungua, mama huyu aliufunga. Choroko zikaisha kwenye ungo.

Jioni Luhende alipiga. Kwake ilikuwa asubuhi, anasubiri basi la kazini, na upepo wa kule ulivuma ndani ya simu.

"Wewe hukumweleza vizuri," alisema baada ya kusikiliza. "Mama anataka kubembelezwa."

"Mbembeleze wewe. Ni mama yako."

"Na picha nazo, Prude. Kweli siku nzima ile tulishindwa kupiga hata moja ya maana?"

Prudencia aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Luhende. Tulikuwa tumetoka kumzika baba yako. Ulitaka nikae mkao gani?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo!"

"Basi limefika," Luhende alisema, akakata.

Prudencia alibaki ameishika simu. Kazini kwake, kwenye zahanati ya mtu binafsi alikokuwa mpokezi, yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza watu kutwa nzima: Jina? Umri? Umeolewa? Jina la mume? Walimjibu, naye akaandika. Hakuwahi kumwambia hata mmoja alete ushahidi.

*

Wiki ziliyoyoma. Wakili hakufika, Mama Getruda hakushuka, na Nathaniel alipiga simu kila siku akiuliza mmefikia wapi. Ndipo Prudencia alipokubali jambo ambalo asubuhi yake angemtukana mtu aliyemshauri.

Gauni alilikodi mjini. Suti aliazima Jonathan, mdogo wake Luhende, fundi wa mabomba, kijana mwenye aibu ambaye kweli alifanana na kaka yake akitazamwa kwa upande. Walikutana ufukweni Ilemela, kwenye bustani ambako maharusi hupigiwa picha, ziwa likiwa nyuma na mawe yamepangana kana kwamba yaliwekwa kwa ajili hiyo. Mpiga picha hakujua kisa chao. Aliona maharusi, akafanya kazi yake.

"Bwana arusi, msogelee mkeo. Zaidi. Huyo si trafiki."

"Shemeji, samahani," Jonathan alinong'ona.

"Wewe sogea tu, tumalize."

"Mshike kiuno, kaka! Bibi arusi, mtazame mumeo machoni."

Prudencia aliinua macho. Aliona masikio ya Luhende, paji la uso la Luhende, na katikati yake macho ya mtu mwingine yaliyojaa hofu. Jonathan alikuwa anatokwa jasho mpaka kola ya shati imelowa. Mkono wake uligusa gauni kama anagusa pasi ya moto.

"Tabasamu! Leo ni siku yenu!"

Akatabasamu. Mpiga picha akabofya, akabofya tena. Na hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipopaa kutoka njiani.

"Hee! Dada wa mapokezi!"

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akimleta mwanawe zahanati kila homa ilipompanda. Alikuja mbio na khanga yake mkononi, akapiga kigelegele, akamkumbatia Prudencia na gauni lake.

"Hongera, mwanangu! Hongera sana! Na siku zote tunakuita mke wa mtu, kumbe ulikuwa hujaolewa!"

Prudencia aliinua pindo la gauni lisiburuzike mchangani. Angesema nini? Kwamba ameolewa, ila si na huyu? Kwamba huyu ni shemeji yake, na hii ni arusi ya kuonyesha watu? Mama yule alikuwa ameshamgeukia Jonathan, anampa mkono, anamwambia amtunze. Jonathan aliitikia, "Asante, mama."

Mama alipokwenda zake, Prudencia alimwambia mpiga picha afute.

"Zote?"

"Zote. Na nisimame hapa nikuone unafuta."

Alimlipa kazi ambayo haikuwepo tena. Jonathan alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Alipanda mawe ya Pasiansi peke yake na gauni la kukodi amelikunja kiunoni, watoto wakimwimbia bibi arusi nyuma yake, na kila hatua hasira ikaongezeka joto.

*

Getruda alimwona tangu mbali. Alimsubiri afike mlangoni.

"Nini hicho umevaa?"

"Arusi yangu, mama. Maana ile ya kwanza haikutosha." Prudencia alisimama akihema. "Nimekwenda kupiga picha na Jonathan. Na Jonathan! Kwa sababu wewe umekataa kusema maneno mawili. Kosa langu ni nini? Nimekukosea wapi? Nakuogesha, nakupikia, nakupandishia maji, usiku ukiugua naamka. Ungekuwa hunipendi ningejua moja. Kwa nini hutaki niende kwa mume wangu?"

"Punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Getruda aliangalia chini, akavuta ncha ya khanga, akaikunja, akaikunjua. Alipojibu, sauti yake haikuwa ile ya ubishi aliyoizoea Prudencia.

"Umeshajijibu mwenyewe. Unaniogesha. Unanipandishia maji. Nikiweka dole langu kwenye hiyo balua yao, wanakuchukua. Mume alichukuliwa, Mungu alipanga. Luhende akaenda. Na wewe?" Akainua uso. "Nimwite nani nikianguka bafuni?"

Jibu hilo Prudencia hakuwa amelitegemea. Kwa muda wote huu alidhani anapambana na kiburi. Hasira aliyokuwa nayo, badala ya kutoka, ikamgeukia na kumwuma.

"Mimi sikuolewa na wewe, mama," alisema.

Maneno yalipotoka alitamani kuyarudisha. Getruda alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hesabu akaikuta ni sahihi.

"Hilo nalo ni kweli," alisema. "Vua hilo gauni, litachafuka."

Siku zilizofuata walikaa kama wapangaji wawili. Prudencia aliweka maji ya kuoga, dawa, uji, chakula. Getruda alipokea, akala. Hata kulalamika aliacha, na nyumba isiyo na malalamiko ya Getruda ilikuwa ngeni kabisa. Luhende aliposikia habari ya picha na mdogo wake alifoka mpaka sauti ikakwaruza, kisha akasema, "Pole, Prude." Muda wa ushahidi ukaisha. Hawakupeleka kiapo wala picha mpya. Prudencia alipeleka meseji zao zote kama zilivyo, umeme na dawa na kichwa kigumu, na maelezo mafupi kuhusu msiba. Nathaniel alisema hilo ni kujinyonga.

*

Simu ilipigwa saa za mchana. Mtandao ulikamata sebuleni tu, karibu na dirisha, kwa hiyo Prudencia alikaa hapo na kuweka sauti ya nje. Ofisa aliyehoji alikuwa mwanamke. Katikati yao kulikuwa na mkalimani wa kiume, mwenye Kiswahili cha upande wa Kongo, na Prudencia ilimbidi kila swali alisikilize kwa makini.

"Madamu anauliza, bwana yako analalaka upande gani ya kitanda?"

"Wa ukutani. Alipokuwepo."

"Anauliza, kwenye ndoa hakuna mtu anafurahi. Juu ya nini?"

Alieleza msiba. Alieleza tena. Ofisa akauliza kwa nini ndoa haikuahirishwa. Akaeleza tiketi. Ofisa akauliza: kwa hiyo ndoa ilifungwa haraka kwa sababu ya safari? Prudencia akasema hapana, safari ndiyo iliyokuwa haraka, ndoa ilishapangwa. Alisikia Kiingereza kikipita upande wa pili na akajua jibu lake halikufika kama lilivyotoka.

"Anauliza, bwana anapendaka nini kwako?"

"Sijui. Mwulizeni yeye."

"Na wewe unapenda nini kwake?"

Prudencia alifikiri. Nathaniel alikuwa amemfundisha jibu, lenye moyo na maisha ndani yake. Lilikwama. "Ananichosha," alisema. "Anajifanya anajua kila kitu. Nikimwambia nina homa anaulizia mama yake kwanza. Lakini nikinyamaza kwenye simu hakati. Anakaa tu. Siyo wanaume wote wanaweza."

Kibodi ilisikika ikibofywa. Kisha mlango wa chumbani ukagonga ukuta, na Getruda akatokea ameshikilia kitasa.

"Nani huyo yuko hapo?" mkalimani aliuliza.

"Mama mkwe wangu."

Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. "Madamu anaomba kuongea na mama."

Prudencia alimtazama Getruda. Hawakuwa wamesemezana kitu cha maana tangu siku ya gauni. Aliogopa kumwomba, akaogopa kumzuia. Getruda alijikokota hadi kwenye kiti, akaketi, akaisogelea simu kama mtu anayesogelea kisima.

"Mama, huyu mwanamke unamjua?"

"Nimjueje tena? Ninaishi naye. Chai anaweka sukari kama ya mgonjwa. Akiosha vyombo utadhani anabomoa nyumba. Ukimsema, hanuni. Bora angenuna."

"Ni bibi ya mtoto wako?"

"Ni mke wa Luhende. Walioana tumefiwa. Nilikuwa nimelala pale kanisani kwenye benchi, sina nguvu, yeye ndiye aliyeniegemeza, anafunga ndoa huku ananitazama kama nimeanguka."

Mkalimani alitafsiri. Swali lililofuata lilichukua muda kufika.

"Madamu anauliza, wewe mama, unataka huyu mutoto aende Kanada?"

"Hapana," alisema Getruda.

Prudencia alifumba macho. Mkalimani mwenyewe alisita. "Mama, unasema hapana?"

"Hapana. Sitaki aende. Wewe mama yako ungetaka abaki peke yake juu ya mawe, mguu hauna kazi? Mwambie huyo madamu sitaki. Ningekuwa na uwezo ningemfunga kamba." Getruda alivuta pumzi, mkono wake ukiwa umekamata ukingo wa meza. "Lakini hakuja hapa kwa ajili yangu. Alimfuata mwanangu. Ni mke wake, siyo wangu. Kama mnamchukua, mchukueni kwa mume wake, msimsumbue. Nimemaliza."

Akasukuma simu kwa Prudencia, akanyanyuka, akarudi chumbani, akafunga mlango. Upande wa pili mkalimani aliendelea kutafsiri kwa muda mrefu, taratibu, na ofisa hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, ofisa hakuwa na swali lingine.

*

Kibali kilifika mvua za kwanza zilipoanza. Nathaniel alisema ni maandalizi yake, akabandika jina la Prudencia ukutani miongoni mwa waliofanikiwa, na Prudencia hakuwa na nguvu ya kubishana. Luhende alilia kwenye simu, kisha dakika hiyo hiyo akaanza kumfokea kuhusu viatu vya baridi ambavyo alimwambia anunue na hajanunua.

Wiki zilizobaki waliligombania suala la mama. Luhende alitaka kumlipa msichana wa kazi. Prudencia akasema msichana atakimbia siku ya pili. Mwishowe Jonathan alihamia na mkewe, Modesta, na kulivuta bomba la maji mpaka mlangoni, kazi ambayo familia nzima ilikuwa inaiahidi tangu marehemu akiwa hai. Getruda akasema maji ya bomba hayana ladha.

Siku ya safari Jonathan alitangulia kushuka na mabegi. Prudencia alimkuta mama mkwe wake palepale mlangoni, mguu umenyooshwa, uso umeelekea ziwani. Hakutaka kwenda uwanja wa ndege. Alisema ndege anaziona kutoka hapa, zinapita juu ya paa kila siku, haoni kipya.

Prudencia alipiga magoti kwenye jiwe mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi kwa yale ya siku ya gauni. Yakamkimbia yote, ikabaki salamu peke yake.

"Shikamoo, mama."

Getruda hakuitikia. Alimtengeneza kola ya koti, koti zito lisilofaa kabisa kwa jua lile, akamfunga kifungo cha juu.

"Hiyo shikamoo kaa nayo," alisema. "Utanipa ukirudi."